Sarafu za Zamani: Wafanyabiashara Walioidhinishwa na Kampuni za Kupima Daraja Hufanyaje Kazi

KILOSA, Morogoro

Katika kaya za Kilosa na Mikumi ambazo wazee wao walifanya kazi ya reli au ya mashamba ya mkonge, si ajabu kukuta sarafu moja au mbili za zamani zimefungwa katika kitambaa na kuhifadhiwa chini ya sanduku. Nyingine zina sura ya Kaizari wa Ujerumani, nyingine zina simba wa Afrika Mashariki ya Kiingereza, nyingine zina tundu katikati. Mwenye sarafu anajua kuwa ni ya kale. Asichokijua ni kama ina thamani, na nani anastahili kusema hivyo. Mara nyingi mtu wa kwanza kumtamkia bei ni yule yule anayetaka kuinunua.

Makala haya yanaeleza utaratibu uliobuniwa nje ya nchi kupunguza tatizo hilo, yaani kazi ya kampuni zinazopima daraja la sarafu bila kuzinunua, pamoja na nafasi ya wafanyabiashara walioidhinishwa kupeleka sarafu katika kampuni hizo. Yanaeleza pia mipaka ambayo sheria za Tanzania zinamwekea mwananchi kabla hajafikiria kuuza.

Sarafu zilizopita Kilosa

Kilosa ilikuwa kituo cha utawala wa Kijerumani, na Reli ya Kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912, ilipita hapo. Fedha ya zama hizo ilikuwa rupia. Rupia za kwanza zilitolewa kuanzia mwaka 1890 na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na kila rupia iligawanywa katika pesa 64. Pesa hiyo ya shaba ina tai wa Kijerumani upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Kuanzia mwaka 1904 serikali ya koloni ilichukua kazi ya kutoa sarafu, rupia ikagawanywa katika heller 100, na herufi ndogo A au J ikawekwa kuonyesha kama sarafu ilipigwa chapa Berlin au Hamburg. Kwa mpimaji, herufi hiyo ndogo inaweza kuwa na uzito kuliko sura ya Kaizari yenyewe.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1919 ilileta shilingi, ambayo ilianza kupigwa chapa mwaka 1921 ikiwa na simba aliyesimama mbele ya milima. Shilingi hizo hadi mwaka 1946 zilikuwa na robo tu ya fedha safi. Zile za mwaka 1948 na kuendelea hazina fedha kabisa. Senti tano na senti kumi za mwaka 1936 zina jina la Mfalme Edward wa Nane, aliyejiuzulu mwaka huo huo kabla ya kutawazwa. Zilipata kutolewa kwa sababu sarafu zenye tundu hazikubeba sura ya mfalme. Kihistoria ni sarafu za pekee, lakini zilitolewa kwa wingi mno, na hadi leo bei yake kwa kawaida ni ndogo. Mfano huu unafaa kukumbukwa na kila anayedhani kuwa ukale peke yake ndio thamani.

Benki Kuu ya Tanzania ilianza kutoa sarafu zake mwaka 1966: senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura na shilingi moja yenye Mwenge wa Uhuru, zote zikiwa na sura ya Mwalimu Julius Nyerere. Hapa inafaa kuondoa mkanganyiko mmoja. Zoezi la Benki Kuu la kubadilisha fedha za zamani, lililofanyika kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025, lilihusu noti. Halikuwa na uhusiano na biashara ya wakusanyaji wa sarafu.

Kampuni zinazopima

Kwa muda mrefu biashara ya sarafu za wakusanyaji iliendeshwa kwa neno la muuzaji. Alipouza, sarafu ilikuwa “nzuri sana”; aliponunua, sarafu ile ile ilikuwa “imechakaa kidogo”. Nchini Marekani malalamiko yaliongezeka, na mwaka 1986 ikaanza kampuni ya PCGS, ikifuatiwa na NGC mwaka 1987. Msingi wa kazi yake ni kwamba wapimaji hutoa hukumu juu ya sarafu bila kuambiwa ni ya nani, na kila sarafu hupita mikononi mwa zaidi ya mpimaji mmoja.

Wapimaji huanza kwa kuthibitisha kuwa sarafu ni halisi. Baada ya hapo huipa daraja kwa kipimo cha 1 hadi 70, kilichotokana na kazi ya Mmarekani William Sheldon ya mwaka 1949. Daraja la 1 ni sarafu iliyolika hadi kutambulika kwa shida. Kuanzia 60 hadi 70 ni sarafu ambayo haikupata kutumika katika mzunguko, nayo huandikwa kwa herufi MS. Sarafu iliyokaa miaka mingi mifukoni na sokoni huangukia kati ya madaraja hayo. Sarafu iliyopimwa hufungwa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo inayoonyesha aina yake, mwaka, daraja na namba ya utambulisho. Namba hiyo huweza kuhakikiwa katika tovuti ya kampuni husika, na mnunuzi makini huihakiki, kwa kuwa hata makasha hughushiwa.

Kampuni hizo hazipangi bei. Zinasema sarafu ni nini na ipo katika hali gani. Bei huamuliwa na soko.

Nafasi ya mfanyabiashara aliyeidhinishwa

Mfanyabiashara aliyeidhinishwa ni mtu au duka lililokubaliwa na kampuni ya kupima kupeleka sarafu kwa niaba ya wateja. Si mtumishi wa kampuni hiyo, wala hana kauli juu ya daraja litakalotolewa. Huichunguza sarafu kwanza na kumshauri mteja kama inastahili gharama. Akishakubaliana na mteja, hujaza fomu, huandika aina ya sarafu na thamani inayokadiriwa, huifunga kwa usalama, huikatia bima na kuisafirisha. Kazi ya kupima ikikamilika, hupokea sarafu ikiwa katika kasha lake na kumkabidhi mwenyewe.

Thamani iliyoandikwa kwenye fomu ina athari mbili. Ikiandikwa ndogo mno, sarafu ikipotea njiani fidia nayo huwa ndogo. Ikiandikwa kubwa, ada hupanda, kwa sababu viwango vya ada hufuata thamani. Ukijumlisha ada, usafirishaji wa kwenda na kurudi, bima na malipo ya mfanyabiashara, gharama huweza kuzidi bei ya sarafu yenyewe. Kwa shilingi ya kawaida ya Afrika Mashariki iliyochakaa, jibu la mfanyabiashara mwaminifu ni kwamba ibaki nyumbani.

Ipo hatari nyingine ambayo kibali cha kampuni hakiiondoi. Mfanyabiashara huyo huyo anayepeleka sarafu kupimwa ni mnunuzi na muuzaji pia. Idhini aliyopewa inahusu kupeleka sarafu. Haithibitishi uadilifu wa bei anayokutajia. Kwa hiyo mwenye sarafu anapaswa kufahamu tangu mwanzo kama mtu aliye mbele yake anapokea sarafu ili aipeleke ikapimwe, au anainunua. Jambo hilo liandikwe katika stakabadhi pamoja na picha za pande zote mbili za sarafu, uzito wake na tarehe. Orodha ya walioidhinishwa hupatikana katika tovuti za kampuni zenyewe, na anayejitambulisha kwa cheo hicho anaweza kuhakikiwa humo kabla sarafu haijatoka mkononi.

Kusafisha ni kuharibu

Hasara kubwa kuliko zote hutokea nyumbani, tena kwa nia njema. Sarafu husuguliwa kwa majivu, ndimu, mchanga au dawa ya meno ili ing’ae, au hupelekwa kwa sonara akaikwaruze ukingoni kujua kama ni fedha. Macho ya mpimaji hutambua mikwaruzo hiyo mara moja. Sarafu ya namna hiyo haipewi daraja la namba la kawaida. Lebo yake huandikwa kuwa ni halisi lakini imesafishwa au imeharibiwa, na wanunuzi huipunguzia bei papo hapo. Utando mweusi au wa kijani ulio juu ya sarafu uachwe ulivyo. Sarafu ishikwe kwa ukingo na ihifadhiwe pakavu, kila moja peke yake.

Kipimo kisichodhuru ni mizani. Rupia moja ya Kijerumani ina uzito wa takriban gramu 11.66 na haivutwi na sumaku. Ikipungua sana au ikinata kwenye sumaku, hakuna haja ya kuipeleka popote.

Tahadhari hii inahusu zaidi sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa chapa Tabora mwaka 1916, wakati koloni lilikuwa limezingirwa na vita. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, na upande mmoja ina tembo mbele ya mlima. Inatafutwa duniani kote, na kwa sababu hiyo inaghushiwa sana. Simulizi za “mali ya Mjerumani” zinazosikika katika miji mingi iliyo kando ya reli zimewafanya watu kununua shaba iliyopakwa rangi kwa bei ya dhahabu. Kwa sarafu kama hii, gharama ya kupima daraja ina maana, na mnunuzi anayekataa ipimwe amekwisha kujieleza.

Mipaka ya sheria

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Sura ya 333, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu nchini kabla ya mwaka 1863. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zimo katika kundi hilo. Haziuzwi wala kusafirishwa nje ya nchi kama bidhaa ya kawaida, na anayezigundua anatakiwa kutoa taarifa. Kuchimba kutafuta mambo ya kale kunahitaji leseni, hata kama shimo ni la shambani kwako. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kuchimba au kuondoa kitu bila kibali ni kosa.

Rupia na shilingi za karne ya ishirini zilizorithiwa katika familia ni suala tofauti, lakini kupima daraja kunamaanisha kusafirisha sarafu nje ya nchi, na hapo ndipo wengi huteleza. Kabla ya kukabidhi sarafu yoyote kwa ajili ya safari hiyo, mwananchi awasiliane na Idara ya Mambo ya Kale iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii na apate jibu kwa maandishi. Kwa walio Kilosa na Mikumi, pa kuanzia ni kwa Afisa Utamaduni wa Halmashauri ya Wilaya.

Mikumi ina hali yake ya pekee, kwa kuwa ipo kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, na mnunuzi huweza kuwa mpita njia ambaye kesho hapatikani. Sarafu iliyosubiri miaka mia moja sandukuni inaweza kusubiri wiki mbili za barua. Picha mbili za simu, upande wa mbele na wa nyuma, zinatosha kwa Afisa Utamaduni kuanza kazi. Sarafu yenyewe ibaki nyumbani mpaka jibu lipatikane.