Tairi jeusi lilipokuwa la matajiri

Anayenunua matairi ya gari la porini, mathalani BFGoodrich All-Terrain, huulizwa na fundi kabla tairi halijavishwa kwenye rimu: maandishi meupe yakae nje au ndani? Tairi la namna hiyo lina mbavu mbili zisizofanana. Ubavu mmoja una herufi nyeupe zilizotuna. Wa pili una herufi zilezile, ila nyeusi. Wenye magari hulibishania jambo hili kama la mtindo wa juzi. Kumbe ni la kale kuliko Land Rover yenyewe.

Mpira wa asili hauna weusi. Matairi ya mwanzo wa karne ya 20, yaliyochanganywa na oksidi ya zinki, yalikuwa meupe yaliyofifia. Mwaka 1904, katika kiwanda cha mpira cha Silvertown, mashariki mwa London, S. C. Mote aligundua kuwa masizi yakichanganywa na mpira huuongezea nguvu na kuuchelewesha kuchakaa. Kampuni ya B.F. Goodrich ya Akron, Ohio, ikaichukua mbinu hiyo. Masizi iliyanunua kwa Binney & Smith, walewale wa kalamu za rangi za Crayola.

Lakini masizi yaligharimu. Viwanda vingine vikayatia kwenye sehemu inayokanyaga barabara tu, mbavu zikabaki nyeupe. Weupe ukawa alama ya ubahili, na tairi jeusi lote likawa la mwenye nazo. Isitoshe, halikuonyesha uchafu. Masizi yalipozoeleka na kila gari likawa na matairi meusi, matajiri wakaugeukia weupe ule ule walioukimbia. Mwaka 1934 Ford iliuza mbavu nyeupe kama nyongeza ya dola 11.25, tena katikati ya Mdororo Mkuu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ukanda mweupe ulitamba, na kufikia 1962 ulikuwa umepungua hadi kuwa mstari mwembamba.

Herufi zilitoka kwenye viwanja vya mashindano. Goodyear na Firestone walichora majina yao kwenye matairi ya magari ya mbio ili yasomeke kwa watazamaji na kwenye picha. Vijana wa Marekani wakataka magari yao ya mtaani yafanane na yale, na kufikia 1970 Goodyear Polyglas GT yenye herufi nyeupe ilikuwa imevalishwa magari yenye injini kubwa ya enzi hiyo. Mwaka 1976 BFGoodrich ikaleta All-Terrain T/A kwa ajili ya pikapu na jipu, wakati mbio za Baja 1000 za jangwa la Mexico, zilizoanza 1967, zikiwa zimeshajijengea jina. Dereva akawa analipia tairi na kuitangaza kampuni bure. Sijui kama kuna tangazo lililowahi kuwa la bei rahisi kuliko hilo.

Wengi hudhani herufi hizo zimepakwa rangi. Hapana. Ndani ya ubavu kiwanda huweka tabaka la mpira mweupe usio na masizi, kisha hulifunika kwa ngozi nyembamba nyeusi. Tairi likishaiva kwenye kalibu, mashine huzisugua herufi zilizotuna, ngozi hiyo ikatoka na weupe ukajitokeza. Ndiyo maana hazibanduki kama rangi. Adui wa weupe huo ni mafuta na dawa za kuzuia mpira usipasuke, ambazo husafiri kutoka kwenye mpira mweusi na kuugeuza mweupe kuwa wa kahawia. Tairi jipya hupakwa utando wa buluu kwa sababu hiyo, ili lisichafuliwe na wenzake dukani. Utando huo huoshwa kwa maji, sabuni na brashi.

Kwa tope na mawe, upande utakaotazama nje haubadilishi chochote: ni tairi lile lile. Mimi ningegeuza nyeusi nje, kwa sababu moja tu, nayo ni uvivu wa kusugua. Lakini uamuzi huo una mipaka. Tairi lenye meno yanayoelekea upande mmoja halifai kugeuzwa, na saizi nyingi za leo zinauzwa nyeusi pande zote. Na aliyekwisha kuvisha akabadili mawazo, atalazimika kuling'oa tairi kwenye rimu, kuligeuza na kulipia balansi upya.