Usiku Karoli Lwanga alipobatiza

Wakatoliki 22 waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Buganda, na ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, wengi wao wana majina ya ubatizo: Karoli Lwanga, Matia Mulumba, Andrea Kaggwa, Yosefu Mukasa. Lakini Kizito, Gyavira, Mbaga Tuzinde, Mugagga na Mukasa Kiriwawanvu wanatajwa hadi leo kwa majina yao ya Kiganda. Wanne wa mwanzo walibatizwa usiku, bila padre. Wa tano hakuwahi kubatizwa kwa maji.

Padre Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, alifika Kigungu, Entebbe, pamoja na Bruda Amans tarehe 17 Februari 1879. Ikuluni kwa Kabaka Mutesa, baba yake Mwanga, Kiswahili kilishazoeleka kutokana na wafanyabiashara wa pwani, na vijana wenye hamu ya kusoma dini hawakukosekana. Mwaka mmoja tu baadaye, Jumamosi Kuu ya 27 Machi 1880, wa kwanza wakabatizwa.

Haraka hiyo haikumfurahisha Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers aliyeanzisha shirika la akina Lourdel, Mapadre Weupe, mwaka 1868. Lavigerie aliwahi kufundisha historia ya Kanisa huko Paris, na alijua jinsi Wakristo wa karne za mwanzo walivyowaandaa watu kwa muda mrefu kabla ya kuwapa sakramenti. Akaagiza miaka minne ya ukatekumeni. Aliyeomba ubatizo alifundishwa hatua kwa hatua, na mwenendo wake ukatazamwa. Aliyekuwa katika hatari ya kufa tu ndiye angeweza kubatizwa kabla ya muda.

Mimi naona Lavigerie alikuwa sahihi kutaka watu waandaliwe vema, na ushahidi ni yaliyotokea wamisionari walipoondoka Buganda mwishoni mwa 1882 na kuhamia kusini mwa Ziwa Viktoria. Hadi waliporudi mwaka 1885, hapakuwa na Misa wala kitubio. Walei kama Yosefu Mukasa, Kaggwa na Mulumba ndio waliofundisha na kusalisha, na waamini wakaongezeka.

Tarehe 15 Novemba 1885 Mwanga akamuua Yosefu Mukasa, mkuu wa vijana wa ikulu aliyethubutu kumkemea. Hatari ya kufa sasa ikawa ya kila mtu. Siku hiyohiyo Lwanga, aliyeshika nafasi ya Mukasa, alikwenda kwa mapadre akabatizwa, na katika siku chache wakatekumeni zaidi ya 100 wakabatizwa pia.

Kizito, kijana wa miaka kama 14, alibaki akisubiri. Jioni ya 25 Mei 1886 huko Munyonyo, Mwanga alirudi kutoka kuwinda viboko akiwa na hasira, akamchoma mkuki kijana wa ikulu, Denis Ssebuggwawo, kwa kosa la kufundisha dini. Usiku huo Lwanga aliwakusanya vijana wake, wakasali, kisha akawabatiza waliokuwa bado. Asubuhi wakahukumiwa. Lourdel alikuwa amefika kuwaombea, akaishia kuwatazama wakipita wamefungwa kamba.

Mukasa Kiriwawanvu hakuwepo usiku ule. Alikuwa kifungoni kwa kugombana na huyohuyo Gyavira. Alitolewa akaunganishwa na wenzake, wakaenda pamoja hadi Namugongo, wakachomwa moto tarehe 3 Juni. Kanisa linasema kwamba damu aliyoimwaga ndiyo iliyombatiza.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliamuru mwaka 1963 ukatekumeni wa watu wazima urudishwe katika Kanisa zima, na mwaka 1972 ikatoka ibada yake mpya. Buganda ilikuwa imeuishi karibu karne nzima kabla.

Na alichofanya Lwanga usiku ule, kubatiza bila kuwa padre, hakikuwa kinyume cha sheria. Tangu Mtaguso wa Firenze, mwaka 1439, imeandikwa wazi kwamba penye dharura mtu yeyote anaweza kubatiza, hata asiye Mkristo, mradi akusudie kufanya lifanyalo Kanisa. Wauguzi na wakunga wengi Wakatoliki wanalijua hilo, wazazi wengi hawalijui. Muulize katekista wako wiki hii: maji ya kawaida yanamiminwa vipi, na maneno gani yanatamkwa. Na ukishabatiza, peleka taarifa parokiani, jina liandikwe katika kitabu cha ubatizo.