Kaya Tumezilinda, Kanga Je?

Wadau wa Kaloleni, tukianza kuongea historia yetu ya kulinda mazingira, sote tunakimbilia kaya. Na ni haki yetu. Agosti 1914 Waingereza walilipua Kaya Fungo kwa baruti, wakitaka kuvunja upinzani wa Wagiriama, kina Mekatilili wa Menza. Msitu bado uko. Mwaka 1992 serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa turathi za kitaifa, na 2008 UNESCO ikaziingiza kwenye urithi wa dunia.

Lakini hiyo ni historia ya miti. Kanga na kwale hawatagi juu ya mti. Wanaparura kishimo chini ya kichaka ama kwa majani marefu, wanataga hapo hapo. Kanga hulalia mayai karibu wiki 4. Na kichaka chenyewe mara nyingi hakiko ndani ya kaya. Kiko kwa shamba la babu yako, pale palipoachwa papumzike baada ya mahindi na muhogo.

Zamani mkulima alilima kipande hiki, kile akakiacha miaka kadhaa kirudishe nguvu. Hakuna aliyeita hiyo uhifadhi. Ilikuwa kilimo tu, na ndege akafaidika. Sai shamba hilo hilo wamegawana ndugu sita. Nani ataacha robo ekari ilale na watoto wanataka kula? Kaya ina sheria ya kuilinda. Kanga alilindwa na namna tulivyolima, na hiyo ndiyo imebadilika.

Cheki Kinangop. Baada ya uhuru mashamba ya walowezi kule yaligawiwa Wakenya. Kuna ndege wa kifua cha njano, Macronyx sharpei, anayepatikana Kenya pekee, na anajenga chini kwenye mafungu ya nyasi. Nyasi zikilimwa zipandwe viazi na kabeji, hana pa kukaa, maana karibu ardhi yote ni ya watu binafsi. Wenyeji wa Njabini wakaanza kusokota sufu ya kondoo, ili nyasi nazo zilete pesa. Hiyo ndiyo akili: usimwambie mkulima achague kati ya ndege na ugali.

Uskoti nako wapo wakulima wanaokata nyasi kuanzia katikati kuelekea pembeni, ili vifaranga wakimbilie nje. Hiyo haigharimu hata shilingi.

Mimi chuo niliachia njiani, lakini hesabu hii haitaki digrii. Ukifyeka, anzia katikati. Usiwashe moto pande zote nne, kifaranga atatokea wapi? Na pale mpakani, ambapo hata hivyo hupandi kitu, acha majani yasimame mpaka mayai yaanguliwe. Wazee walituachia kaya. Sisi tuwaachie wanaokuja angalau mlio wa kanga asubuhi.