Afisa mikopo wa chuo ana nafasi gani kubadili sera ya mikopo?

Dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu likishafunguliwa, ujumbe wa wasikilizaji wetu huwa wa aina moja: kijana amefaulu, nyumbani uwezo hakuna, lakini jina kwenye cheti cha kuzaliwa halifanani na la cheti cha kidato cha nne. Au baba alifariki zamani na cheti cha kifo hakikuwahi kufuatiliwa. Lawama huenda Bodi ya Mikopo, nyingine zinatufikia sisi. Wachache humkumbuka mtu anayeliona tatizo hilo kila siku, afisa wa dawati la mikopo chuoni.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Ndiyo inayoamua nani apate na kiasi gani. Afisa wa dawati ni mtumishi wa chuo: anathibitisha usajili, anashughulika na malipo ya wanafunzi, yaani lile "bumu", na anasikiliza wenye malalamiko. Kazi yake ni kutekeleza sera, si kuitunga. Lakini yeye ndiye anayekaa uso kwa uso na mtoto wa mkulima aliyefika chuoni na begi moja na hana ada.

Je, sera hizi hubadilika kweli? Zimebadilika mara nyingi, nyakati nyingine kwa kumuumiza mnufaika na nyingine kwa kumpa nafuu. Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa na makato ya mshahara yakapanda hadi asilimia 15. Kulikuwa pia na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha. Mtu mwenye deni la shilingi 8,000,000 aliongezewa 480,000 kwa mwaka, na wengine walikatwa mshahara huku deni likigoma kushuka. Wafanyakazi walipiga kelele miaka mingi, hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kuifuta Mei Mosi 2021 jijini Mwanza. Posho ya kujikimu nayo imepanda kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000, na mwaka wa masomo 2023/24 mikopo ikafunguliwa kwa baadhi ya kozi za stashahada.

Kelele za tozo zilikuwa na nguvu kwa sababu kila mtu alishika karatasi yake ya mshahara na hesabu ilionekana. Mwanafunzi aliyekwama kwa cheti hana karatasi ya namna hiyo, na asipopata mkopo mara nyingi hurudi kijijini kimya. Hapo ndipo afisa mikopo anapohitajika, kwanza kwa kuhesabu. Taarifa inayosema "wanafunzi wengi wanateseka" haimsumbui mtu. Inayosema waliokosa mkopo chuoni ni wangapi, wangapi kati yao walikwama kwa majina kutofautiana, na wanatoka wilaya zipi, hiyo italazimu kujibiwa. Majina ya wanafunzi yasiwemo. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Pili ni njia. Wengi wa maafisa hawa ni watumishi wa umma na wana taratibu za kusema, kwa hiyo tunawaelewa wasipotaka kuja studio. Taarifa yao inaweza kupita kwa uongozi wa chuo hadi Bodi na Wizara. Vyuo kadhaa vikiandika jambo lilelile kwa pamoja, ni vigumu kusema ni tatizo la chuo kimoja. Na muswada unapofika bungeni, kamati inayohusika hualika wadau kutoa maoni. Chuo ni mdau.

Tatu ni wakati, na hapa ndipo wengi hupotea. Bajeti hujadiliwa Dodoma kati ya Aprili na Juni, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Bodi nayo hutoa mwongozo wake kabla dirisha halijafunguliwa. Hoja ikipelekwa Agosti imechelewa. Inatakiwa iwe mezani miezi kadhaa kabla ya Aprili, mahesabu yakiwa bado yanapangwa.

Msikilizaji wa kijijini naye ana sehemu yake. Fomu ya mkopo inapita kwa viongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na vyeti huhakikiwa na RITA, au ZCSRA kwa Zanzibar. Mtendaji wa kijiji anajua ni kaya zipi hazina vyeti, hivyo hoja hiyo iulizwe kwenye mkutano wa kijiji na mbunge aelezwe kabla hajaenda Dodoma. Ibara ya 21(2) ya Katiba inakupa haki ya kushiriki katika maamuzi yanayokuhusu.

Kama mwanao ameshakwama, akate rufaa ndani ya muda uliotangazwa. Kando ya rufaa, aandike ukurasa mmoja aupeleke kwenye dawati la mikopo la chuo chake: nyaraka gani ilikataliwa, lini, alijibiwa nini, na iligharimu nauli na siku ngapi kuifuatilia wilayani. Abaki na nakala.