Bei ya Kilo Mbili za Soya

Katika mikutano yetu tumezoea kuzungumza juu ya kuweka akiba, na mara chache sana juu ya kutumia. Imekuwa kana kwamba mtu mwema ni yule ambaye franka haimtoki mfukoni, naye anayetoa fedha kwa ajili ya mwili wake mwenyewe huitwa mbinafsi. Historia ya nchi yetu haikubaliani na wazo hilo, na inafaa tuitazame kwa utulivu.

Sisi tuliokua wakati wa zaire tumeiona fedha ikifa zaidi ya mara moja. Zaire ilipoanzishwa mwaka 1967, moja ilikuwa na thamani ya dola 2 za Marekani. Tarehe 25 Desemba 1979, siku yenyewe ya Noeli, serikali ikatangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazitatumika tena. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha, tena kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Aliyekaa karibu na benki alipona kidogo. Mkulima wa mbali, aliyeficha mauzo ya kahawa yake ndani ya godoro, alibaki na karatasi. Mwezi Oktoba 1993, zaire 3,000,000 ziligeuzwa kuwa zaire mpya 1. Mwaka 1998, zaire mpya 100,000 zikawa franka 1. Fanyeni hesabu (mwalimu haachi desturi yake): mtu aliyelaza zaire za kale bila kuzigusa alihitaji bilioni 300 ili apate franka moja. Mtu huyo hakuwa mpumbavu wala mlevi. Alifanya kama alivyofundishwa, akaweka.

Sasa tazameni kilichotendeka katika miaka hiyohiyo huko Bwamanda, upande wa kaskazini-magharibi wa nchi, katika mkoa ulioitwa wakati ule Equateur. Palikuwa na misheni katoliki na hospitali, na wakulima wa kahawa na soya. Hospitali ilikuwa na shida inayojulikana na kila hospitali ya kijijini: ugonjwa huja wakati wowote, lakini fedha ya mkulima huja wakati wa mavuno tu. Mwanamke akishikwa na uchungu katika miezi ya njaa, mume huuza mbuzi kwa bei ya hasara, au huchelewa kumpeleka, na kuchelewa kwenyewe ndiko kunakoua.

Mwaka 1986 wakaanzisha mfuko wa pamoja wa matibabu. Kila mtu alitakiwa kulipa zaire 20 kwa mwaka, yaani kama senti 30 za dola, bei ya kilo 2 za soya. Aliyelipa, akilazwa hospitalini, alitoa sehemu ya tano tu ya gharama. Mfuko ulilipa nyingine. Uandikishaji ulifungwa baada ya wiki chache, ili mtu asingoje kuugua ndipo akumbuke mfuko. Tena hakuandikwa mtu mmojammoja: jamaa nzima iliandikwa pamoja, pamoja na bibi kizee na mtoto mchanga. Kwa maoni yetu, kanuni hii ya mwisho ndiyo iliyokuwa na hekima kubwa kuliko zote, kwa maana baba anayejiandikisha peke yake amejinunulia usalama wa nusu. Mtoto akiugua, kibubu cha nyumba huvunjwa vilevile.

Katika wiki nne za kwanza waliingia watu 32,600, zaidi ya robo ya wakaaji wa eneo lile. Katika miaka iliyofuata idadi ilipita nusu. Hawa walikuwa watu maskini, katika nchi ambayo noti zake zilikuwa zinayeyuka mkononi. Walielewa kwamba zaire 20 zilizogeuzwa kuwa matibabu haziwezi kufutwa kwa tangazo la redio. Walioandikishwa walikwenda kulazwa karibu mara mbili kuliko wasioandikishwa. Wengine wamesema kwamba hiyo ni dalili ya kutumia ovyo kitu kilicholipiwa. Sisi twaona zaidi kwamba wale wengine walikuwa wakiugulia nyumbani.

Hapa kwetu Nyankunde tulipata somo la namna nyingine, na kwa gharama kubwa mno. Baada ya maasi ya Simba ya mwaka 1964, madhehebu kadhaa ya Kiprotestanti yaliungana na Daktari Carl Becker, aliyekuwa ametumika miaka mingi Oicha, wakajenga hospitali pamoja na shule ya wauguzi. Tarehe 5 Septemba 2002 Nyankunde ilishambuliwa. Watu wengi mno waliuawa, hata wagonjwa vitandani. Vifaa na dawa vikaporwa. Waliosalia walipita msituni kwa miguu, siku nyingi, hadi Oicha. Hawakubeba vitanda wala mashine. Lakini elimu ya wauguzi ilisafiri nao, na kwa elimu hiyo kazi ikaanza tena mahali pengine, hata siku ya kurudi na kujenga upya. Karo iliyolipwa zamani na wazazi fulani, labda kwa mauzo ya mihogo au kuku, haikuwa kitu cha kuporwa.

Leo vijana wengi wa Ituri hutafuta riziki kwenye mashimo ya zahabu. Fedha yao huja kwa ghafula, na kwa ghafula huondoka. Hatuwakatazi kununua simu wala viatu vizuri. Furaha nayo ina nafasi yake. Twauliza tu kitu gani kinanunuliwa kwanza: chandarua, maji safi, miwani kwa anayesoma kwa taabu, matibabu ya kidonda kabla hakijaoza. Mama zetu sokoni wanajua likelemba, ambapo kila mmoja hupokea kwa zamu yake. Kwa kawaida zamu hiyo hununua mabati au vitenge, ama hulipa shule. Kikundi cha vijana chaweza kuongeza juu yake sanduku dogo la matibabu, likajazwa wakati wa mavuno ya mahindi na maharagwe. Tangu Februari 2017 nchi yetu ina sheria inayosimamia vyama vya kusaidiana vya namna hii, kwa hiyo si jambo la kufanyika gizani.

Jambo moja Bwamanda haikulimaliza. Waliokaa mbali na hospitali waliitumia kidogo kuliko waliokaa jirani, hata walipokuwa wamelipa sawasawa, maana mfuko ulilipia kitanda na haukulipia njia. Vikundi vya milimani vitakapokaa kupanga hesabu yao, viandike kwanza nauli ya pikipiki ya usiku.