Mchambuzi wa televisheni akirudi kufundisha: funzo la hoki ya barafu na la Ghost Mulee

Kila kocha anapopigwa kalamu, jina la kwanza kutajwa barazani huwa la mtu ambaye watu wamemsikia jana usiku kwenye televisheni. Wamarekani na Wakanada huulizana hivyo kuhusu hoki ya barafu, nasi huulizana kuhusu kandanda. Swali ni moja: mtu aliyewahi kufundisha, kisha akakaa miaka studioni akichambua mechi za wenzake, je, anaweza kurudi na kushika timu ya kulipwa? Jibu langu ni kwamba anaweza, na wako waliorudi wakafana. Ila si ufundi wa kusema uliowafanikisha. Nataka tutazame waliorudi, mmoja mmoja, tuone kilichowasaidia na kilichowaangusha.

Barafu yetu iko wapi

Naandika nikiwa Nyeri. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, kazi ndiyo iliyonileta huku chini ya Mlima Kenya. Asubuhi mbingu ikiwa safi naiona barafu ya kileleni kutoka mjini. Hiyo ndiyo barafu pekee ya asili katika nchi yetu, na kila mwaka yazidi kupungua. Karibu na barafu iitwayo Lewis kuna kidimbwi ambacho wapanda mlima hukiita Curling Pond, jina la mchezo wa kuteleza mawe juu ya barafu. Hoki lakini haichezwi huko.

Wanaocheza hoki ya barafu nchini ni Kenya Ice Lions, na kiwanja walichokulia ni kile cha hoteli ya Panari, Nairobi, kilichofunguliwa mwaka wa 2005. Msomaji anayepanda basi kutoka Mombasa huipita hoteli hiyo kando ya barabara kabla ya kufika katikati ya jiji. Mwaka wa 2018 vijana hao walipelekwa Toronto wakacheza bega kwa bega na nyota wawili wa Kanada, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka wa 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Hizo ni hatua za kujivunia, ila ligi ya kulipwa bado hatuna. Kwa hiyo mfano wa kocha wa kulipwa wa hoki lazima tuutafute kwa wenyewe.

Melrose na Tocchet

Ligi kubwa ya huko, NHL, ina timu 32. Maana yake dunia nzima kuna viti 32 tu vya kocha mkuu wa kiwango hicho, na wanaovitaka ni wengi.

Barry Melrose aliifikisha Los Angeles Kings fainali ya mwaka wa 1993, timu ikiwa na Wayne Gretzky, wakashindwa na Montreal. Mwaka wa 1995 akafutwa. Akaingia televisheni ya ESPN na kuwa sura ya hoki nchini Marekani kwa zaidi ya miaka kumi. Katikati ya mwaka wa 2008 Tampa Bay Lightning, iliyokuwa imepata wamiliki wapya, ikampa mikoba. Alidumu mechi 16. Timu ilishinda 5 tu kati ya hizo, na kabla Novemba haijaisha akawa ameachishwa kazi. Kijana Steven Stamkos, aliyechaguliwa wa kwanza miongoni mwa chipukizi wote mwaka huo, alikuwa akipewa dakika chache tu na Melrose. Baadaye akawa nahodha wa timu hiyo hiyo na mmoja wa wafungaji hodari wa ligi nzima.

Aliyeshika nafasi ya Melrose alikuwa msaidizi wake, Rick Tocchet. Naye alifutwa mwaka wa 2010, akaenda kuchambua mechi kwenye televisheni ya Philadelphia. Lakini tazama njia aliyorudia. Mwaka wa 2014 alikubali kuwa msaidizi tu kule Pittsburgh Penguins. Akiwa huko timu ilitwaa ubingwa mara mbili mfululizo, 2016 na 2017, na ndipo Arizona ikampa ukocha mkuu. Alipoondoka Arizona mwaka wa 2021 akarudi tena studioni, safari hii TNT. Hakukaa hata miaka miwili. Januari 2023 Vancouver Canucks wakamchukua, na msimu uliofuata wakaongoza kundi lao la Pasifiki, naye akatuzwa kuwa kocha bora wa ligi.

Watu hawa wawili wote walikuwa wachezaji, wote walikuwa makocha, wote walizungumza vizuri mbele ya kamera. Tofauti ninayoiona mimi ni mbili. Melrose alikuwa nje miaka 13, na alirudi moja kwa moja kwenye kiti cha juu. Tocchet hakukaa nje muda mrefu, na mara ya kwanza alirudi kwa kuanza chini.

Ghost Mulee: mfano wa kwetu

Huhitaji kwenda Kanada kupata kisa kama hiki. Jacob Mulee, tunayemwita Ghost, ndiye aliyeirudisha Harambee Stars kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka wa 2004 kule Tunisia, baada ya kukosa tangu 1992. Walifungwa na Mali na Senegal, kisha wakaipiga Burkina Faso 3-0, ushindi wa kwanza wa Kenya katika mashindano hayo. Aliishika timu ya taifa zaidi ya mara moja, na mara ya mwisho katika kipindi hicho cha kwanza ilikuwa mwaka wa 2010.

Baada ya hapo Wakenya wengi walimjua kwa sauti. Kila asubuhi alikuwa Radio Jambo na mwenzake Gidi, kwa Kiswahili, na huku Nyeri matatu nyingi niliyopanda kwenda Karatina au Nanyuki ilikuwa na sauti hizo mbili. Watoto waliozaliwa baada ya Tunisia walimjua kama mtu wa vichekesho na maoni ya kandanda.

Oktoba 2020 shirikisho la soka, FKF, liliachana na Francis Kimanzi na kumtaja Mulee. Mechi yake ya kwanza ilikuwa Novemba 11, dhidi ya Komoro. Alikuwa na wiki tatu. Ligi ya nchini ilikuwa imesimama tangu Machi kwa sababu ya korona na haikuwa imeanza tena, kwa hivyo wachezaji wa hapa nyumbani walikuwa hawajacheza mechi ya ligi kwa miezi. Wakatoka sare 1-1 Nairobi, na siku nne baadaye wakafungwa 2-1 kule Moroni. Mechi hizo mbili ndizo zilizotutoa. Majirani zetu wa Ngazija wakafuzu kwa mara ya kwanza katika historia yao.

Machi 2021 timu ilitoka sare 1-1 na Misri hapo Kasarani, bao likifungwa na Abdalla Hassan, kijana wa Bandari yetu ya Mombasa, kisha ikaishinda Togo 2-1 ugenini. Septemba mechi za kufuzu Kombe la Dunia zikaanza: 0-0 na Uganda, 1-1 na Rwanda ugenini. Siku chache baadaye Mulee na shirikisho wakaachana.

Hesabu mwenyewe. Mechi sita za mashindano: kushinda moja, sare nne, kufungwa moja. Hizo si hesabu za timu iliyozama, ila pia si za timu iliyokuwa ikifika mahali. Aliyemfuata, Engin Firat, mechi yake ya kwanza alifungwa 5-0 na Mali. Kwa hivyo anayesema Mulee aliangushwa na maikrofoni pekee amuonea. Alipewa wiki tatu, wachezaji wasiocheza, na miezi kumi na moja. Lakini ni kweli pia kwamba alirudi baada ya miaka kumi, moja kwa moja kwenye kiti cha juu, kama Melrose.

Kinachopungua studioni

Mchambuzi huona mechi iliyokwisha kutokea. Anarudisha picha nyuma, anaisimamisha, anachora duara, anatueleza kosa lilianzia wapi. Hiyo ni elimu kweli, siidharau. Kocha naye huamua kabla picha haijawa picha. Kwenye hoki jambo hili laonekana wazi kuliko kwenye kandanda: kila timu ina watu sita barafuni, kipa akiwemo, na wachezaji hubadilishwa mchezo ukiendelea, takriban kila dakika moja. Kocha akichelewa kwa sekunde chache, waliochoka ndio watakaomkabili mpinzani. Hakuna kurudisha nyuma.

Kuna jingine. Wachezaji hubadilika. Kijana wa miaka 20 wa leo si yule wa miaka kumi iliyopita: anavyotaka kuambiwa, anavyokasirika, anavyofanya mazoezi, wakala anayemzunguka. Aliye uwanjani kila siku hujifunza hayo bila kujua kwamba anajifunza. Aliye studioni huyasoma kwa mbali. Na mtu akiwa amezoea kusema ukweli mbele ya watu wote, itambidi ajifunze upya kumwambia mchezaji kosa lake pembeni, wawili tu.

Mbona haya yatuhusu

Mtu ataniuliza, haya ya Tampa na Moroni yanamhusu nini mkazi wa Nyeri au wa Likoni? Yanamhusu kwa pesa. Miji ya huku mlimani ina hamu ya kandanda. Murang'a Seal wamepanda hadi ligi kuu, na hilo limewatia wengi moyo. Kwenye mtaa ninaokaa wazazi wa timu ya vijana walichanga ili wapate kocha wa kulipwa. Ni wachuma chai, wauza mboga, mafundi wa pikipiki. Wengi walitaka mtangazaji mmoja maarufu aliyewahi kufundisha zamani, kwa kuwa jina lake lingeleta wafadhili. Walikuwepo pia vijana wawili wa hapa hapa wenye leseni za ukocha, ambao wamekuwa wakiwafunza watoto hao bila malipo. Majina yao hayakutajwa mpaka mama mmoja alipouliza: hawa wanaokuja kila jioni mvua ikinyesha, wao vipi?

Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema. Kwetu mara nyingi anayetunzwa ni anayesikika. Leseni za CAF zina ngazi zake, kutoka D na C hadi B, A na Pro, na kila ngazi yagharimu muda na pesa za mtu. Tukizoea kuruka juu ya vichwa vya waliopanda ngazi hizo kwa sababu jina fulani latambulika redioni, basi miaka kumi ijayo hatutakuwa na makocha, tutakuwa na wasemaji tu.

Simaanishi mtangazaji afungiwe mlango. Namaanisha aulizwe maswali kabla ya kupewa funguo, nami ningeuliza manne:

1. Ni lini mara ya mwisho alifundisha wachezaji mazoezini, na tangu hapo amefanya nini kujiweka sawa? Mwaka mmoja au miwili ni pumziko. Miaka kumi ni kazi nyingine.

2. Yuko tayari kuanza kama msaidizi, japo msimu mmoja? Tocchet hakuona aibu.

3. Nani atakayekaa naye benchi? Akija na wasaidizi wanaowajua vijana wa sasa, upungufu wake utazibwa.

4. Nasi waajiri, twampa muda gani? Ukimpa mtu wiki tatu kabla ya mechi, usije ukasema amekushinda.

La mwisho hilo ndilo tunalolisahau zaidi. Viongozi wa michezo hupenda jina kubwa kwa sababu hutuliza kelele kwa siku chache, wala hawaulizwi tena juu ya viwanja, mishahara na ligi za vijana. Jina likishindwa, lawama humfuata mwenye jina. Mara nyingine mkisikia mtangazaji apewa timu, iwe Nyeri, Mombasa au Vancouver, msitazame alivyokuwa akisema tu. Tazameni na mkataba aliopewa, na ni kina nani walioachwa nje ya mlango.