Macho, Bundi na Neno: Tatizo la Kufasiri Vifaa vya Ibada

Makala haya yanuia kuchunguza swali moja: je, macho yaliyochorwa katika kifaa cha ibada yaweza kutufunulia maana yake pasipo maneno ya watu waliokichora?

Tutazame kwanza vibao vya jiwe la sleti vilivyofukuliwa katika makaburi ya kale ya Ureno na kusini-magharibi ya Hispania. Vilichongwa takriban miaka 5,000 iliyopita, na vinavyojulikana ni kiasi cha 4,000. Vimetiwa pembetatu na mistari ya kupindapinda, na aghalabu vina tundu moja au mawili upande wa juu. Baadhi vina macho mawili ya mviringo.

Macho hayo yamezua mabishano marefu. Mwaka 1957 O.G.S. Crawford aliyahesabu kuwa ya mungu wa kike ambaye ibada yake ilienea kutoka Asia ya Magharibi. Mwaka 1989 Marija Gimbutas alimtambua mungu huyo kwa sura ya bundi, mwenye mamlaka juu ya kifo na uhai mpya. Katina Lillios, mwaka 2008, alishikilia kuwa michoro hiyo ni kumbukumbu ya nasaba ya marehemu. Mwaka 2022 Juan J. Negro na wenzake walisema kuwa hao ni bundi hasa, waliochorwa pengine na watoto, na kwamba matundu yalitiwa manyoya.

Kifaa ni kimoja, fasiri ni nne. Wala bundi mwenyewe hatuamulii. Kwetu pwani, akilia juu ya paa watu huhofu msiba. Lakini katika Athens ya karne ya 5 kabla ya Kristo alipigwa chapa kwenye sarafu za fedha, kwa kuwa alikuwa ndege wa Athena, mungu wa hekima.

Sasa tuvilinganishe vibao hivyo na vigango vya Wagiriama. Navyo vimechongwa pembetatu, na vingi vina kichwa cha mviringo chenye uso. Hata hivyo, hapa hatulazimiki kukisia, kwani wenyewe wapo na lugha yao ipo. Wao hutueleza kwamba kigango husimamishwa kwa ajili ya mzee wa chama cha Gohu, na kwamba kinahusu koma, yaani roho ya marehemu. Kigango kikiibwa na kuuzwa ng'ambo, maelezo hayo hayaendi nacho; hubaki mti wenye uso tu. Vigango viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudishwa kutoka Marekani mwaka 2007, vikapokelewa na jamaa waliojua vilikuwa vya nani.

Ujuzi huo umo vinywani mwa wazee. Kwa hiyo yatupasa sisi wanafunzi wa lugha kuandika, wangali hai, jina la kila alama na maneno yanayonenwa kigango kinaposimamishwa. Tusipofanya hivyo, wajao watavitazama vigango kama sisi tunavyovitazama vibao vya Ureno.